Usitupe kompyuta ya chama kabla ya kujua jina la kadi yake

KATIKA ofisi za vyama vya msingi vya ushirika, tangu Nanganga kwenye njia panda ya Ruangwa hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, si ajabu kukuta kompyuta mbili. Moja inafanya kazi. Nyingine imefunikwa kitambaa na juu yake pamepangwa mafaili.

Ukiuliza ile ya pili ina tatizo gani, mara nyingi utaambiwa ni nzima, ila “haishiki mtandao”. Mwaka unaofuata chama kinapanga bajeti ya kompyuta mpya, wanachama wanakatwa ushuru, na ile ya zamani inaendelea kuhifadhi vumbi.

Makala haya yanahusu kifaa kidogo ambacho mara nyingi ndicho chanzo cha jibu hilo. Ni kadi ya mtandao, ile kadi yenye tundu la waya nyuma ya kompyuta. Kadi nyingi za zamani ambazo Windows mpya haizitambui huamka bila shida chini ya Linux na mifumo mingine ya ukoo wa Unix, mradi mtu ajue pa kugusa. Kwa chama cha wakulima suala hili ni la fedha kabla ya kuwa la ufundi.

Msomaji anayefahamu mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa msingi na Sheria Namba 10 ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, anajua jinsi karatasi zinavyosafiri. Mkulima anapima korosho katika chama cha msingi na kupewa hati. Mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, fedha zinarudi kupitia chama kikuu, ambacho kwa upande huu ni MAMCU kwa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba, na mwisho zinaingia katika akaunti ya mkulima benki.

Katika safari hiyo jina la mkulima, kilo zake na namba yake ya akaunti huandikwa na kunakiliwa mara kadhaa. Tarakimu moja ikikosewa, fedha hazifiki. Mkulima anafuata benki, benki inamrudisha kwa karani, na karani anafungua daftari upya.

Tuliona uzito wa kumbukumbu hizo mwishoni mwa mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo. Kabla ya kulipa ilibidi kuhakiki majina, mashamba na akaunti ili kuwatenga wafanyabiashara wa kangomba. Uhakiki ule ulichukua muda na wapo wakulima waliosubiri fedha zao kwa miezi.

Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inaendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na katika minada ya mwanzo ya Oktoba 2024 kilo ilivuka Sh4,000. Ufuta na mbaazi nazo zimeingia katika utaratibu huo. Mnada unakwisha kwa muda mfupi tu. Foleni sasa imehamia mezani kwa karani.

Katika ofisi moja kati ya Nanganga na Ndanda nilikuta karani, mama mmoja mwenye uzoefu wa misimu mingi, akihamisha orodha ya wakulima kwa flashi. Anaandika mizigo ya asubuhi katika kompyuta ya mezani, anachomoa flashi, anaipeleka kwenye laptop iliyounganishwa na modemu ya simu, kisha anatuma. Mchana anarudia.

Kufikia jioni alikuwa na mafaili manne yenye jina moja na tarehe moja. Lipi ni la mwisho, alikuwa akilitambua kwa kuangalia jina la mkulima wa mwisho aliyempimia. Njia hiyo inafanya kazi siku ambayo hakuna mtu anayemwita nje. Tena flashi ileile huenda stationari kuchapisha, na inarudi na virusi.

Kompyuta ile ya mezani ilikuwa na kadi ya mtandao. Taa yake ya kijani ilikuwa haiwaki kwa sababu hakuna aliyeiunganisha tangu Windows ilipowekwa upya na diski ya kiendeshi chake, yaani programu inayoijulisha kompyuta namna ya kuongea na kadi, ikapotea.

Zamani ilikuwa kazi kweli

Wanaosema Linux ni ya wataalamu peke yao wana sababu ya kihistoria. Katika miaka ya 1990 kadi zilizoenea zilikuwa za aina ya ISA, kama NE2000 ya Novell, ambayo viwanda vingi viliiga, na 3C509 ya kampuni ya 3Com. Zote zilikuwa na mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde.

Kadi ya NE2000 ilikuwa haijitambulishi. Fundi alipaswa kujua namba mbili: anwani ya kadi ndani ya mashine, na namba ya IRQ ambayo kadi huitumia kumgutusha prosesa kwamba kuna data imefika. Namba hizo zilipangwa kwa kuhamisha vipini vidogo juu ya kadi yenyewe. Kisha aliiambia Linux hivi:

modprobe ne io=0x300 irq=10

Akikosea namba, kadi inakaa kimya. Kama kadi ya sauti nayo imechukua IRQ ileile, zinagombana na mashine inaweza kuganda. Kwa 3C509 ilibidi wakati mwingine kuwasha kompyuta kwa diski ya DOS, kuzima utaratibu wa kadi kujipanga yenyewe, ndipo Linux iione.

Waya nao ulikuwa na masharti. Ofisi nyingi zilitumia kebo ya mviringo inayofanana na ya antena ya televisheni, isiyozidi mita 185, yenye kizibo cha ohm 50 kila mwisho. Kizibo kimoja kikilegea, ofisi nzima inapotea mtandaoni.

Inafaa kusema kwamba viendeshi vingi vya kadi hizo za bei nafuu viliandikwa na Donald Becker, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Goddard cha shirika la NASA nchini Marekani. Mwaka 1994 yeye na Thomas Sterling waliunganisha kompyuta 16 za kawaida kwa kadi za kawaida, wakapata mashine ya kukokotoa kwa gharama ndogo. Waliita Beowulf. Sababu yao ilikuwa ileile ya mweka hazina wa chama cha msingi: bajeti haitoshi.

Nasi tulikuwa na juhudi zetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Desemba 2004 programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Miaka hiyohiyo diski za Ubuntu zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, hadi utaratibu huo ulipositishwa mwaka 2011. Ninawajua waliosoma uchumi kwa mashine za namna hiyo, nikiwamo mimi.

Kuuliza jina

Tuje kwenye kazi. Kompyuta nyingi zilizolala maofisini leo si za ISA. Zina kadi za PCI, au kadi iliyounganishwa moja kwa moja katika ubao mkuu, na hizi hujitambulisha zenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuiuliza kadi jina lake. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux bila kufuta chochote, fungua dirisha la amri, andika:

lspci -nnk

Itakuja orodha ndefu. Tafuta mstari wenye neno Ethernet. Mwishoni mwake kuna namba kama 10ec:8139. Sehemu ya kwanza ni kiwanda: 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel, 10b7 ni 3Com, 14e4 ni Broadcom. Sehemu ya pili ni aina ya kadi. Stika ya dukani inaweza kuwa na jina lolote, lakini namba hiyo ndiyo inayotambulisha chipu iliyomo.

Chini yake utaona kiendeshi kinachotumika. Kwa Realtek 8139, pengine kadi iliyouzwa kuliko zote katika maduka yetu enzi zile, kiendeshi ni 8139too. Kwa Realtek 8168 ni r8169, kwa Intel PRO/100 ni e100, na kwa 3Com 3C905 ni 3c59x. Ukiona mstari wa kiendeshi haupo, kiite mwenyewe ukiwa umeingia kama root, yaani msimamizi wa mashine:

modprobe 8139too

Kisha andika dmesg usome mistari ya mwisho. Hapo kompyuta inaeleza kama imeipata kadi au inalalamika. Lalamiko la kawaida kwa baadhi ya kadi za Broadcom ni kukosa faili la ziada la kiwanda. Debian toleo la 12, lililotoka Juni 2023, ndilo la kwanza kuweka mafaili ya aina hiyo ndani ya diski yake rasmi ya kusakinishia. Kwa ofisi isiyo na intaneti jambo hilo lina thamani kubwa, maana zamani ulitakiwa kuwa na mtandao ili upate faili la kuwasha mtandao.

Hatua inayofuata huwachanganya wanaotumia maelekezo ya zamani. Vitabu vya miaka ile vinasema kadi inaitwa eth0. Tangu mwaka 2013 matoleo mengi yameanza kuita kadi kwa mahali ilipochomekwa, kwa mfano enp2s0. Amri ya ip link itakuonyesha jina la kwako. Ukishalipata, mpe anwani na umwamshe:

ip addr add 192.168.1.20/24 dev enp2s0
ip link set enp2s0 up

Kompyuta ya pili ipe 192.168.1.21. Kutoka ya kwanza andika ping 192.168.1.21. Majibu yakirudi, zimeshasalimiana.

Yasiporudi, usikimbilie kulaumu Linux. Andika ethtool enp2s0 uangalie mstari wa mwisho. Ukisema hakuna kiungo, tatizo ni waya. Kadi za zamani hazijui kubadilisha njia za kutuma na kupokea zenyewe, hivyo ukiunganisha mbili za namna hiyo moja kwa moja kwa waya wa kawaida hazitaonana. Unahitaji waya uliopishanishwa nyuzi, au swichi ndogo katikati. Nimeona kompyuta nzima zikihukumiwa kufa kwa sababu hii peke yake.

Anwani uliyotoa kwa amri hizo hupotea mashine ikizimwa. Kwa Debian ya kawaida andika mistari hii katika faili la /etc/network/interfaces:

auto enp2s0
iface enp2s0 inet static
address 192.168.1.20/24

Kwa wanaotumia Ubuntu ya mezani au Linux Mint, hayo yote yanafanyika kwa kubofya alama ya mtandao pembeni mwa kioo. Faili la wakulima likae katika kompyuta moja na jingine lilifikie kupitia programu ya Samba, ambayo huongea pia na Windows. LibreOffice, iliyozaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010, itamzuia mtu wa pili kuandika juu ya faili ambalo mwenzake amelifungua. Mafaili manne yenye jina moja yanabaki moja.

Hesabu ya kilo

Sasa tuweke fedha mezani. Bei zinatofautiana kati ya Masasi, Mtwara na Kariakoo, hivyo hizi ni namba za mfano, msomaji aweke za dukani kwake.

Tuseme kompyuta mpya na vifaa vyake ni Sh1,500,000. Chama kinachokusanya tani 150 za korosho kitagawa gharama hiyo kwa kilo 150,000, yaani Sh10 kwa kilo. Mwanachama mwenye kilo 400 amechangia Sh4,000. Kwa bei ya Oktoba 2024 hiyo ni thamani ya kilo moja tu.

Njia ya pili ni kufufua iliyopo: tuseme kadi nyingine iliyotumika Sh30,000, swichi na waya Sh70,000, na siku moja ya fundi Sh50,000. Jumla Sh150,000, sawa na Sh1 kwa kilo. Mwanachama yuleyule anachangia Sh400.

Kwa chama kikubwa kama hicho nisingebishana sana. Kilo moja ya korosho kwa kompyuta mpya yenye dhamana ni matumizi yanayoeleweka, na kiongozi anayetaka kununua hapaswi kuitwa mfujaji. Lakini kwa chama cha tani 20 gharama ileile ya kompyuta mpya ni Sh75 kwa kilo, na mwenye kilo 400 anatoa Sh30,000. Kufufua kunamtoa Sh3,000. Hapo ndipo kadi kuukuu inapoanza kuwa na maana, na vyama vidogo ndivyo visivyo na fundi wa karibu.

Wapo watakaosema kadi ya zamani ni ya polepole. Kadi ya megabiti 100 inaweza kupitisha zaidi ya megabaiti 10 kwa sekunde. Orodha ya wakulima 2,000 katika jedwali kwa kawaida haifiki hata megabaiti moja. Kinachochelewesha ni mtandao wa simu kati ya kijiji na dunia, na huo hautabadilika kwa kununua kompyuta mpya. Katika uchumi wa shamba tunajua kuwa kuongeza mbolea hakusaidii kama kinachopungua ni maji, na wakazi wa Newala hawahitaji kufundishwa hilo.

Zipi ziachwe

Hata hivyo, si kila mashine inafaa kufufuliwa, na hapa natofautiana na mafundi wanaopenda kushindana na vyuma.

Kadi za ISA ziachwe zipumzike. Kompyuta iliyo nazo ni ya zamani mno kuendesha kivinjari cha leo, na mifumo inazidi kuwaacha. FreeBSD toleo la 13 la mwaka 2021 iliondoa viendeshi kadhaa vya kadi za megabiti 10 na 100, kikiwamo cha 3C509, ingawa cha Realtek 8139 kilibaki kwa sababu kadi hiyo ingali na watumiaji wengi.

Angalia pia prosesa. Debian toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Andika lscpu. Ukiona biti 64 zimetajwa na mashine ina kumbukumbu ya gigabaiti 2 au zaidi, endelea. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa baada ya 2006 zitapita.

Umeme nao uingizwe katika hesabu. Kompyuta ya mezani ya enzi ya Pentium 4 inaweza kula wati 100 na zaidi hata kabla ya kuhesabu kioo, wakati laptop ya kawaida hula chini ya nusu ya hapo. Kwa ofisi inayotegemea sola, betri zitaisha kabla ya foleni ya wakulima, na akiba ya kadi itakuwa imeliwa.

Lipo jambo lingine linaloharakisha uamuzi huu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Mashine hizo si mbovu. Nyingi zitauzwa kwa bei ya kutupa mijini na kufika huku, na kadi zake za Realtek na Intel zinafahamika vizuri na Linux.

Kabla ya kuhama, chama kiulize kwanza chama kikuu kama mizani ya kidijitali au kifaa cha alama za vidole kinahitaji Windows. Kama kinahitaji, mashine moja ibaki na Windows na ile iliyofufuliwa itunze faili na kuchapisha hati.

Kazi yote ifanyike kati ya Julai na Septemba, ufuta ukiwa umeshatoka na korosho haijaanza kudondoka. Fundi akimaliza, aandike kwenye karatasi jina la kadi, kiendeshi chake na anwani aliyoipa, abandike ubavuni mwa kompyuta kwa gundi ya nailoni. Mvua zikianza, waya wa mtandao uchomolewe pamoja na wa umeme kila radi inapoanza kunguruma. Wengi huchomoa wa umeme peke yake, na radi hupita kwenye huo mwingine ikaiunguza kadi.